Mwaka Tuliotia Habari Kwenye Simu za Watu

Tulimzika Shefu Alimasi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, majira ya mvua, koleo likitoka na udongo mwekundu ulioshikana. Kwenye matanga tulikaa juu ya mikeka, tukala bugali na maharage, na kila mtu akamkumbuka kwa namna yake. Mmoja alisema marehemu alikuwa mzee wa kanisa asiyechelewa ibadani hata siku moja. Mwingine alisema alijua kuchimba choo kisichobomoka. Wote walisema kweli, nami nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme kwamba huyu mzee aliwahi kutuletea habari. Hakutokea. Binti yake akaja akachuchumaa pembeni yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada Faida, hauko na sauti ya papa kwa simu? Hata kidogo tu, batoto basikie." Sikuwa nayo. Mwaka mzima tuliofanya kazi pamoja yeye aliandika na mimi nikasoma, kwa sababu huko Uvira sauti yake iliwahi kujulikana na watu wasiomtakia mema, na tangu hapo hakuitoa tena hadharani. Sauti zote zilizobaki ni zangu, na hizo hakuna anayezitaka. Nilirudi nyumbani nimekasirika, wala sijui hadi sasa nilikuwa nimemkasirikia nani.

Mwaka wenyewe si wa zamani sana kwa kalenda. Lakini kambini mtu huzeeka mapema, na mimi nikijitazama ninavyokunja magoti siku hizi naona kama yule msichana aliyekuwa akisoma habari alikuwa mdogo wangu, tena mdogo mwenye kiherehere. Nilikuwa sijaolewa. Nilikuwa na sauti nzuri na nilijua kwamba ni nzuri. Shefu alinisikia nikisoma matangazo kanisani, akaningoja mlangoni baada ya ibada, akasema: "We, unasoma muzuri, lakini unasoma sawa muntu anaomba ruhusa. Kuya kesho, nitakufundisha kusoma sawa muntu anajua." Tulimwita Shefu kwa desturi ya ofisi za kwetu Kongo, ingawa ofisi aliyoniita ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kibanda cha chaji cha Kaka Innocent, Mnyarwanda mmoja mpole aliyekuwa na mabamba ya sola juu ya bati na maneno machache mdomoni.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Godoro lilisimamishwa ukutani kuzuia kelele, na juu yangu nilifunikwa blanketi zito, nikasoma nikiwa nimeinama na tochi mkononi, jasho likinitiririka mgongoni. Nje kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Ikiunguruma tunanyamaza, ikizimwa Shefu ananigonga begani kwa kidole kimoja, nami naanza. Kinasa sauti na kompyuta vilitoka kwa shirika moja la Ulaya ambalo lilikuwa na hamu na sisi wakati huo. Jina, Habari Mlangoni, alilitunga Shefu. Tukimaliza, Innocent alikuwa akileta chai na mandasi, maandazi ya huku Malawi, tunakula tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, na Shefu anasahihisha namna nilivyovuta pumzi mahali pasipostahili. Sijawahi kufurahia chakula kama mandasi yale. Nilijiona mtu.

Habari zetu ziliwekwa mtandaoni, ndiyo, tulikuwa na ukurasa kama kila mtu. Lakini kambini wangapi walikuwa na pesa ya bando? Ndipo Shefu akabuni njia yake. Watu huleta simu kwa Innocent asubuhi, anabandika plasta yenye jina, anazipanga rafuni, anazichomeka. Shefu akamwomba kwamba simu ikiwa inachaji, mwenyewe akikubali, atiliwe humo habari za siku hiyo. Jioni mtu anachukua simu yake ikiwa na moto na habari pamoja. Walipenda sana. Wanawake walisikiliza wakichambua majani ya sombe, mafundi baiskeli walisikiliza wakiziba pancha, na anayekwenda Lilongwe alikwenda nazo, akamrushia ndugu yake wa mtaa wa Mchesi, wa Kawale, wa Kauma, bila bando, simu kwa simu. Nilikuwa nikipita sokoni nasikia sauti yangu ikitoka kibandani, nageuza uso ili wasinione ninavyocheka. Kwenye benchi la kibanda cha Innocent, watu wakingoja simu zao, nilikaa nikijifanya naandika na huku nasikiliza. "Habari Mlangoni imesema," mama mmoja alimwambia mwenzake siku moja, "kama ni bale bangine, singeamini." Maneno hayo niliyabeba moyoni wiki nzima.

Sasa nikifikiri, naona tulikuwa tumeshaanza kuzama tukiwa bado tunacheka. Ukurasa wetu ulikuwa na wafuasi wengi Marekani na Australia, ndugu zetu waliobahatika kuondoka, kuliko hapa kambini. Wao walitaka ugomvi. Tukiweka habari ya bomba la maji lililokauka, kimya. Tukitaja kabila la mtu, hata kwa bahati mbaya, matusi yanamiminika hadi asubuhi. Kulikuwa na kurasa nyingine zilizochukua habari yetu nzima nzima, zikaipaka chumvi, zikaweka picha ya moto uliowaka nchi nyingine, na zenyewe zikasomwa mara nyingi kuliko sisi. Wakubwa wa serikali ukiwapigia wanauliza chombo chako kimesajiliwa wapi, na mkimbizi hana pa kukisajili. Waandishi wa Lilongwe, wenye vitambulisho shingoni, walituambia nao hali yao ni mbaya, matangazo ya biashara yamehama, sheria za mtandao zinawatia hofu, wengine wameachishwa kazi. Walitununulia soda wakatuhurumia. Na lile shirika la Ulaya likatuandikia kwamba sasa limeelekeza nguvu kwingine. Shefu alisoma ujumbe ule mara moja, akafunga kompyuta, akasema tu: "Basi. Hata mbele ya kuya kwao, tuliishi." Alikuwa na namna hiyo ya kutoonyesha, lakini siku ile hakugusa mandasi yake.

Kila nilipokwenda mjini kutafuta habari nililala kwa Mama Nyota, Kawale. Alikuwa mwanamke wa Fizi, huko kwetu Kongo, mnene, mwenye kicheko cha ghafla, na katika chumba cha mbele alikuwa na vyerehani vinne. Cha kwanza alikinunua kwa kuuza vitumbua kando ya barabara, vingine vilifuata kimoja kimoja kwa miaka mingi, na alifahamu tabia ya kila kimoja. Hiki kinapenda mafuta, hiki kina hasira na uzi mbaya. Wateja wake walikuwa akina mama Wamalawi, wakija na vitenge vyao vya harusi na vya kanisa, akiongea nao Kichewa kilichojaa Kiswahili, nao wakicheka na kusema zikomo, asante. Usiku tulikula nsima, ugali wa huko, na samaki wadogo wa kukaanga tukiwa tumekaa katikati ya vyerehani, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine, vipande vya vitambaa vikitushika miguuni. Alikuwa akinitilia samaki wengi kuliko aliojitilia yeye. Kwa watu wote alikuwa akisema mimi ni mtoto wake wa redio.

Mwaka ule ndipo ilipotoka amri ya serikali kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, pamoja na biashara zao. Ilikuwa imesemwa zamani, ikalala, ikaamka tena, na safari hii ilikuja na siku ya mwisho. Mji ukajaa uvumi. Huyu anasema wenye maduka wataachwa, yule anasema ni Warundi tu, mwingine ana sauti ya mtu asiyejulikana kwenye simu yake inayoapa kwamba mambo yamekwisha kwa njia ya rushwa. Mama Nyota alizima taa mapema siku hizo. Jioni moja, mkono wake ukiwa juu ya kile cherehani chenye hasira, aliniambia: "Faida, mi sitasikiliza muntu mwingine. Bantu banaongea sana. Mashini hizi nikizipeleka kambi bule, bakastomere bangu bananipoteza, na kule nani atashona? Lakini nikibaki na bantu ba serikali bakuya na ma kamyo, nitapoteza vyote. We njo utaniambia. Nikisikia kwa sauti yako, nitajua." Nikamwambia, sawa, Mama, utasikia kwa sauti yangu. Nililisema kwa majivuno, na nani asingejivuna?

Kabla siku ya mwisho haijafika, mahakama ilisimamisha amri ile. Shefu alithibitisha kwa wakili, kwa mwandishi mmoja wa mjini na kwa mtu aliyekuwa ndani ya chumba cha mahakama, ndipo akaandika. Nilisoma chini ya blanketi: leo mahakama imesimamisha amri ya kuwarudisha wakimbizi kambini, wanaoishi mijini wanaweza kubaki na kuendelea na shughuli zao hadi kesi isikilizwe. Innocent aliijaza kwenye simu zote za rafuni. Kufika jioni kambi nzima ilikuwa ikiisikia, watu wakipiga vigelegele kwenye foleni ya maji. Ilikuwa habari ya kweli, tena tuliitoa kabla ya wote. Mama Nyota alinipigia akicheka na kulia pamoja.

Lakini sikilizeni kosa letu, kwa maana lilikuwa la watu wa redio, na nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Shefu alikuwa amefundishwa redioni Uvira, miaka mingi, na redioni hakuna tarehe. Mtangazaji anasema leo, msikilizaji yuko pale pale na redio yake, leo yao ni moja, na sauti ikishatoka inapotea hewani. Alikuwa akituambia: "Tarehe ni ya kalenda. Muntu anafungua redio juu ya kusikia leo." Basi hatukuwahi kusoma tarehe, hata kwa habari moja. Hatukufikiri kwamba sauti zetu hazipotei, kwamba zimelala kwenye maelfu ya simu, kila moja ikisema leo, ikingoja tu mtu aiguse.

Wiki zikapita, kizuizi cha mahakama kikaondolewa. Amri ikarudi palepale. Tulithibitisha tena kwa njia zilezile, nikasoma tena: leo mahakama imeondoa kizuizi, wanaoishi mijini watalazimika kurudi. Tulikuwa hatuna bando, ukurasa tuliuweka kwa kumkopa Innocent, na habari mbaya haina mtu wa kuikimbiza. Mvua ilikuwa imefunga kambi siku kadhaa, sola hazikupata jua, umeme ulikuwa umekatika, rafu ya Innocent ilijaa simu zilizokufa, yangu ikiwa miongoni mwao. Hata hivyo habari ilifika Kawale. Mama Nyota aliipata. Alinisimulia baadaye, bila kuninyanyulia sauti, na afadhali angeninyanyulia. Alisikiliza akakaa chini. Kisha akainuka, akaita gari la mizigo, akaanza kufunga vyerehani kwa mablanketi. Gari likiwa limeshasimama mlangoni, simu yake ikalia. Ndugu mmoja wa Australia, aliyesikia kwamba Lilongwe kuna wasiwasi, alikuwa ameamua kuwatia watu moyo, akazitafuta habari njema alizokuwa nazo akazituma kwenye makundi yote. Ilikuwa ni mimi. Leo mahakama imesimamisha amri.

Alikuwa na sauti mbili, zote zangu, zote zinasema leo, na ile njema ndiyo iliyofika ya mwisho. Alinipigia mara nyingi. Simu yangu ilikuwa rafuni haina moto. Dereva alikuwa akipiga honi. Mama Nyota alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angekifanya, aliamini sauti iliyofika nyuma, akamwambia dereva aende zake. Akafungua mablanketi. Siku iliyofuata alikuwa akishona gauni la bibi harusi magari ya kuhamisha watu yalipoingia mtaani.

Alifika Dzaleka na godoro, sufuria mbili na lile gauni mkononi likiwa bado na pini. Vyerehani vilibaki. Wapo waliosema vimeporwa na majirani, wapo waliosema vimebebwa pamoja na mali nyingine za watu zikafungiwa mahali. Alipewa kona kwenye nyumba ya dada mmoja wa kanisa, akakaa hapo nje, juu ya tofali, siku nzima, mikono mapajani. Mikono ile haikuwa imezoea kulala. Shefu alikwenda kumwona. Nilimfuata nyuma nikasimama mbali kidogo. Alikuwa mtu wa maneno, lakini pale alisimama mbele yake na kofia mkononi, akasema, "Mama, ile habari ilikuwa ya kweli." Mama Nyota akamjibu: "Ndiyo, Papa. Zote mbili zilikuwa za kweli." Hakukuwa na kejeli ndani yake. Shefu alirudi nyumbani, na tangu siku ile kila habari aliyoandika alianza na siku, tarehe, mwezi na mwaka, kwa herufi kubwa.

Lakini ni nani alikuwa anasikiliza tena? Wengi waliohamishwa walikuja na hadithi kama ya Mama Nyota, wengine kwa kweli na wengine kwa kutafuta wa kumlaumu, na wote waliishia kwenye sauti yangu. Kwenye benchi la chaji nilisikia sasa mambo mengine. "Yule binti alilipwa," alisema mzee mmoja akijua kabisa kwamba nimekaa hapo. Watu wakaanza kumwambia Innocent, nitilie moto tu, habari usinitilie. Innocent alikuwa akiniangalia kwa aibu, kama kwamba kosa ni lake. Tukaendelea kusoma chini ya blanketi, tarehe na kila kitu, kwa ajili ya simu chache na kisha bila hata simu moja. Zile kurasa za chumvi na picha za moto zikastawi. Hizo hazikuwahi kumfilisi mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziamini kiasi cha kufukuza gari la mizigo. Sisi tuliaminiwa, na hilo ndilo lililoniuma na linaniuma hata leo.

Kabla mwaka haujaisha nilisikia kwamba mali zilizochukuliwa mjini zimewekwa kwenye bohari moja Lilongwe, na wenyewe wanaweza kuzidai hadi Ijumaa, wakija wenyewe na kitambulisho. Sikuamini masikio yangu, nikaenda. Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani, nikatafuta gari, nikafika, nikazungumza na mlinzi na karani, nikaona kwa macho yangu majokofu, viti, na chini ya turubai miguu ya chuma ya vyerehani. Vingi. Nikaomba kuchukua kwa niaba ya mama yangu, karani akatikisa kichwa, mwenyewe tu. Sikwenda hata kwa Shefu. Nilishuka kwenye gari nikakimbia moja kwa moja hadi kwa Mama Nyota.

Nitasema mwisho wake sasa hivi ili asiwepo wa kutumaini bure: hakwenda. Ijumaa ilifika ikapita, na jirani yake mmoja, Baba Riziki, aliyekwenda kwa kukosa la kufanya, alirudi na jokofu lake. Bohari ikafungwa, kilichobaki kikauzwa. Shefu alikata tamaa mwezi huohuo, akamrudishia Innocent blanketi lake, na godoro likalala chini kama magodoro mengine. Mimi niliolewa, nikauza nyanya, na sikusoma tena kitu kwa sauti, hata kanisani.

Nilimkuta nje, juu ya lile tofali, akichambua maharage kwenye sinia. Nilikuwa nahema. Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza yote, bohari, karani, turubai, miguu ya chuma, Ijumaa, kitambulisho. Nikamwambia nitamlipia gari, nitakwenda naye, nitamshika mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama alivyokuwa akinisikiliza tukila samaki Kawale. Niliona machoni mwake kwamba anataka sana kwenda. Nikaona pia anavyoogopa, kutoka kambini bila kibali, kushikwa njiani, kufika akute geti limefungwa.

"Hii ni habari ya leo?" akaniuliza.

"Ya leo, Mama. Nimetoka huko sasa hivi. Nimeona na macho yangu."

Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa kando.

"Ile siku pia ulisema leo," akasema. "Bakia ukule, mwanangu. Sombe iko karibu kuivya."